Mfuko wa Huruma wa Jumuiya: Namna ya Kuzishika Mkono Familia Zilizokwama Bila Kuziaibisha

Familia inapoishiwa, dalili za mapema huonekana kwenye jumuiya. Mama aliyekuwa hakosi sala za Jumamosi asubuhi anaanza kutuma udhuru. Zamu yake ya kupokea jumuiya nyumbani ikikaribia, mara ana mgeni, mara anasafiri. Mara nyingi si kwamba imani imepoa. Hana elfu mbili ya mchango, na anajua majina ya waliotoa yatasomwa kwa sauti mbele ya watu. Wakati ule ule anapowahitaji wenzake ndipo anapoanza kuwakwepa.

Mwongozo huu wa kuunda mfuko wa kuzisaidia familia za namna hiyo umeandikwa kwa ajili ya jumuiya ndogo ya Kikristo ya kaya 15 hadi 30, iwe ya parokia ya Kikatoliki, ya usharika wa KKKT (Walutheri), ya Anglikana, ya Moravian au kikundi cha nyumbani cha kanisa la Kipentekoste. Mazingira tunayoyalenga zaidi ni ya mijini Tanzania, ambako kipato cha wengi ni cha kutwa: kibarua, bodaboda, genge, mama lishe, saidia fundi. Kanuni inayoshika kila hatua ni hii: majina yafungwe, hesabu ziwe wazi. Mifuko mingi ya jumuiya hufa kwa kufanya kinyume chake. Kila mtu anajua nani alipewa unga, na hakuna anayejua fedha zimebaki kiasi gani.

Anzeni kwa kuondoa kinachowafukuza

Kabla hamjachangisha hata shilingi, kaeni na mweka hazina mwandike kila kitu ambacho jumuiya, kanda na parokia au usharika vinadai kwa kila kaya kwa mwaka: zaka au ahadi, ujenzi, mavuno, kitenge cha sherehe, jubilei, zawadi ya mchungaji au padre, rambirambi, harusi za watoto wa wanajumuiya. Jumlisheni. Kaya inayoishi kwa kibarua ikidaiwa vyote hivyo inalipa kodi ya pili, na hapo hamna mfuko wa huruma utakaofidia.

Kisha amueni mambo matatu. Kwanza, majina ya waliotoa na wasiotoa yasisomwe tena, isomwe jumla. Pili, nyumba inayopokea jumuiya itoe maji ya kunywa tu, hata kama mwenye nyumba ana uwezo wa soda na maandazi, kwa sababu mwenye uwezo ndiye anayeweka kiwango ambacho jirani yake atashindwa kukifikia wiki ijayo. Tatu, mwenye kushindwa mchango aweze kumwambia mweka hazina peke yake, naye aandike "amesamehewa" katika daftari lake lisilosomwa. Jumuiya nyingine zimekuta kwamba baada ya haya tu, watu watatu au wanne waliopotea wanarudi.

Hatua ya 1: Watu watatu hadi watano

Mgogoro wa kwanza wa ugawaji katika Kanisa umeandikwa kwenye Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuhubiri juu ya subira. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wapewe kazi hiyo. Kwa jumuiya ya kaya 20, watu watatu wanatosha, watano ndio mwisho. Wakizidi hapo siri haipo.

Wanawake wawe wengi kuliko wanaume, maana mambo ya jikoni hayasemwi kwa mzee wa kanisa. Mmoja awe anayejua hesabu. Mwenyekiti wa jumuiya asiwe mmoja wao, ili mtu akiona ameonewa awe na mahali pa kulalamika. Ama kuhusu kutunza siri, hakuna haja ya usaili: kama mmewahi kusikia habari za nyumba za watu kutoka kinywani mwake, msimchague. Muda uwe mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa mara moja. Kazi hii inachosha, na mtu aliyechoka huanza kuwajibu watu vibaya.

Ndugu wa mmoja wao akiletwa kwenye mjadala, huyo mwanatimu atoke nje. Asikae hapo akinyamaza. Atoke.

Hatua ya 2: Kukusanya

Fedha zikusanywe kwa kikapu kinachopita kwa kila mtu, na kila mtu atie mkono uliofumbwa, mwenye chochote na asiye na kitu. Mkijaribu bahasha zenye majina mmerudi kule kule. Anayependa kutuma kwa simu atume kwa laini iliyosajiliwa kwa ajili ya kikundi au kwa lipa namba, si kwenye simu binafsi ya mweka hazina ambako fedha za mfuko zitachanganyika na za vocha na za umeme wake wa LUKU.

Kikombe cha wiki ni njia nyingine nzuri. Kila kaya inaweka kando kikombe kimoja cha robo lita cha mchele, ambacho ni kama gramu 200. Kaya 20 zinatoa kilo 4 kwa wiki, kilo 16 kwa mwezi. Chagueni mchele au maharage, msichague unga, kwa sababu unga wa nyumba ishirini una umri ishirini tofauti, na dona hasa huchacha mapema kwa sababu ya mafuta ya kiini yaliyobaki ndani yake. Hata mchele usimiminwe moja kwa moja kwenye ndoo ya pamoja. Kila fuko likaguliwe kwanza, maana fukusi wa nyumba moja watakula wa nyumba zote.

Sikukuu ya mavuno ni nafasi ambayo wengi huipoteza. Baada ya ibada mazao hupigwa mnada, na kuku mmoja anaweza kuuzwa mara tatu kwa furaha ya watu. Ombeni baraza la wazee lipitishe mapema kwamba sehemu ya nafaka na mikunde itolewe kabla ya mnada kuanza. Mkiomba siku yenyewe, mkiwa mmesimama mbele ya mnadi, mtaonekana mnaiharibu sherehe.

Theluthi moja ya kila mnachokusanya isiguswe hadi ifike miezi migumu. Mjini mwezi mgumu ni Januari, ambapo sare, madaftari na kodi ya nyumba vinakutana. Katika mikoa ya kati kama Dodoma na Singida, ni miezi ya mvua kabla ya mavuno, wakati ghala limeisha na shambani bado ni kijani. Mfuko uliotumia kila kitu hadi Desemba kwa zawadi za Krismasi hauna cha kusema Januari.

Hatua ya 3: Kuwaona wasioomba

Anayeomba mara nyingi ni mzoefu wa kuomba. Aliyepoteza kazi miezi miwili iliyopita hajui hata aanzeje, na aibu yake ni mbichi. Kwa hiyo timu isikae kungoja maombi. Iangalie nani ameacha kuja. Mtoto gani yuko mtaani saa nne asubuhi siku ya shule. Nani ameanza kununua mafuta ya kupima ya mia tano kwa Mangi, yaani muuza duka wa mtaani, wakati zamani alikuwa akinunua lita. Nani ameuza friji au televisheni. Baba gani anaondoka alfajiri na kurudi saa mbili asubuhi kwa sababu hakupata kibarua. Mwalimu wa shule ya Jumapili anajua mengi kuliko mwenyekiti, kwa kuwa watoto husema.

Balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa serikali ya mtaa nao wanajua nani ametolewa notisi na mwenye nyumba. Waulizeni kwa jumla, "Hapa mtaani nani amekwama?", bila kuwatajia majina mliyo nayo.

Hatua ya 4: Ziara

Hapa ndipo kazi nzima inaposimama au kuanguka. Waende wawili, mmoja wao mwanamke. Mwanaume peke yake asitumwe kwa mjane wala kwa mama anayelea mwenyewe, hata akiwa mzee wa kanisa wa miaka sabini. Wasivae sare ya WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) wala kitenge cha umoja wa akina mama: nguo ile ni tangazo, na majirani wa nyumba ya kupanga yenye vyumba sita watakuwa wameshahesabu. Wasibebe kitu chochote siku hiyo. Wasiende saa ya kula, maana mwenyeji atajitahidi kuwakaribisha, na huenda akiba yote ya siku ikaishia kwenye chai yao.

Wakifika, salamu na habari za kawaida kwanza, kwa muda wa kutosha. Swali la "Mna shida gani?" halina faida, jibu lake ni "Tunamshukuru Mungu, tunaendelea." Ulizeni mambo madogo yenye majibu halisi: "Jana jioni mama mlipika nini?" "Watoto wamekunywa uji leo?" "Kazi ya baba ya mwisho ilikuwa lini?" Jiko la mkaa lililo baridi saa saba mchana, na ndoo za maji zilizo tupu mahali ambapo maji hununuliwa, hutoa majibu yao bila kuulizwa.

Kabla ya kuondoka timu iwe imejua mambo sita: watu wangapi wanakula hapa kila siku, pamoja na mpwa aliyeletwa kutoka kijijini; fedha inaingia kutoka wapi, na iliingia mara ya mwisho lini; wana deni la nani, la kiasi gani, na marejesho ni siku gani; kodi inaisha lini; nani mgonjwa, na anatumia dawa gani; watoto wako madarasa gani na wanakosa nini. Msiandike mbele yao. Daftari likifunguliwa, mazungumzo yanakuwa mahojiano ya ofisini. Andikeni mkifika nyumbani, siku hiyo hiyo.

Msiahidi chochote. Neno la kuagia ni moja: "Tutarudi Alhamisi." Na Alhamisi mrudi, hata kama hakuna kilichopatikana.

Hatua ya 5: Kuamua ni shida ya aina gani

Kuna shida ya ghafla: moto, msiba, ajali ya bodaboda, mzigo wa genge uliooza. Hii inataka jibu ndani ya saa 24. Wekeni kiwango, tuseme shilingi 30,000, ambacho wanatimu wawili wanaweza kukitoa bila kikao, kisha watoe taarifa kwa wenzao. Mfuko unaongoja kikao cha mwisho wa mwezi ili kununua dawa ya mtoto hauna maana.

Kuna shida ya kipindi: kazi imeisha, mtaji umekatika, mama amejifungua kwa upasuaji na hawezi kurudi kwenye kazi yake ya kutwa. Hii inataka msaada wa wiki nne hadi kumi na mbili wenye mwisho uliotajwa tangu mwanzo. Mwambieni wazi: "Tutakuwa pamoja nanyi wiki sita, halafu tutakaa tena tuangalie." Msaada usio na tarehe huwatesa wote wawili, mpaji na mpokeaji, na siku unapokatika huonekana kama adhabu.

Na kuna shida ya kudumu, kama bibi wa miaka 75 anayelea wajukuu wanne, au mwenye ulemavu mkubwa asiye na ndugu. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unaagiza kwamba mjane mwenye watoto au wajukuu atunzwe kwanza na hao, ili Kanisa lisilemewe na liweze kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Tafuteni ndugu kwanza, hata kwa simu ya mbali. Wakikosekana, huyo bibi hahitaji wiki sita. Anahitaji kidogo cha kila mwezi hadi mwisho, pamoja na kuingizwa kwenye mipango ya serikali.

Hatua ya 6: Chakula, kwa kilo

Mgawo wa kawaida wa chakula cha dharura unakadiria kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mhimili wake ni nafaka gramu 400, mikunde gramu 60, mafuta gramu 25 na chumvi gramu 5. Kinachopungua hujazwa na sukari, dagaa na mboga. Ni wastani wa watu wa rika zote, kwa hiyo msianze kukata vya watoto.

Kwa familia ya watu watano kwa wiki moja inakuja hivi: unga au mchele kilo 14, maharage au choroko kilo 2 na kidogo, mafuta lita 1, chumvi robo kilo. Ongezeni dagaa nusu kilo, sukari kilo 1, sabuni ya mche mmoja na kiberiti. Kama bado wanapata kipato cha siku mbili tatu kwa wiki, nusu ya hapo inatosha. Fuko moja la kilo 5, ambalo ndilo jumuiya nyingi hupeleka kwa mbwembwe, ni mlo wa siku mbili na nusu kwa familia hiyo. Hesabu hii ikishajulikana, watu huacha kushangaa kwa nini "tuliwapa juzi tu."

Ulizeni kuhusu moto wa kupikia kabla ya kununua maharage. Maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima yanaweza kuchemka saa tatu na bado yakawa magumu, na mkaa unaotumika hapo unaweza kuzidi thamani ya maharage yenyewe. Kwa nyumba isiyo na mkaa pelekeni choroko au dengu zilizokobolewa, zinazoiva haraka, au muwape na kopo moja la mkaa. Maharage yakipelekwa, yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe.

Mahindi ya msaada kutoka kijijini yakaguliwe punje kwa punje: yenye ukungu wa kijani au kijivu, yaliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo yasigawiwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika wala kwa kusaga, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Msiwape hata kuku. Unga wa dukani uwe na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe inayosomeka, na mafuta yawe kwenye chupa iliyofungwa kiwandani.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga msiyagawe kabisa, hata yakiletwa na mfadhili. Mama akianza kuyatumia, maziwa yake mwenyewe hupungua, kopo likiisha hana pa kununulia lingine, na chupa inaoshwa kwa maji yasiyochemshwa. Anayenyonyesha apewe yeye chakula cha ziada. Kama hawezi kunyonyesha kwa sababu ya ugonjwa, hilo ni la kliniki.

Kilo 14 hazibebwi kimya kimya. Pelekeni jioni, kwenye begi la kawaida au ndoo yenye mfuniko, au mnunue kwa Mangi aje achukue mwenyewe kidogo kidogo kwa jina lake. Njia hii ya pili ni bora kuliko zote, mradi muuza duka ni mtu wa siri na analipwa kabla, si baada.

Fedha mkononi au vitu?

Kama soko lipo na bei hazijapanda ghafla, fedha ni heshima zaidi: mama anajua kwamba unga anao, anachokosa ni nauli ya kliniki. Mpeni anayepika. Mkituma kwa simu wekeni na ya kutolea, maana 20,000 iliyokatwa makato si 20,000. Pale ambapo mnajua kuna pombe au mikeka ya kubeti ndani ya nyumba, pelekeni vitu, na fuko la nafaka liwe limeshafunguliwa. Mfuko wa kilo 25 uliofungwa unauzika kabla ya jioni.

Kodi ya nyumba ni jaribu kubwa kwa mfuko mdogo. Wenye nyumba wengi wanataka miezi mitatu au sita kwa mpigo, na fedha hiyo inaweza kumaliza akiba ya mwaka. Kabla ya kulipa, mwanatimu aende pamoja na mpangaji kwa mwenye nyumba, waombe kulipa mwezi kwa mwezi kwa kipindi cha miezi mitatu. Wengi hukubali wakiona kuna mtu wa tatu, kwa kuwa chumba kitupu nacho hakilipi. Mfuko ulipe mwezi mmoja, stakabadhi iandikwe jina la mpangaji. Jina la kanisa likionekana hapo, mwezi ujao mwenye nyumba atakuja kanisani.

Mikopo ya kausha damu

Siku hizi familia nyingi zilizokwama hazikosi deni la kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa riba kubwa, na mara nyingi ni madeni matatu yanayolipana. Fanyeni hivi. Kaeni na mwenye deni mwandike kila mkopo: mkopeshaji, kiasi alichopokea mkononi, kiasi alichorejesha, kiasi kinachodaiwa, dhamana. Ombeni kuuona mkataba. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni. Wasio nayo huwa wepesi kukubali mazungumzo mara wanapoulizwa leseni mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Wako wanaoshika kadi ya benki ya mteja pamoja na namba ya siri, hasa kwa wastaafu. Mteja huyo aende mwenyewe kwenye tawi lake la benki na kitambulisho, afunge kadi ile na apewe nyingine. Deni halifutiki kwa hilo, ila mshahara au pensheni haichotwi tena kabla hajaiona, na marejesho yanaweza kupangwa kwa maandishi kwa kiwango kinachobakiza chakula.

Mfuko usilipe deni lote kwa mkupuo. Mtu akilipiwa laki tatu leo, kesho simu yake ina ujumbe wa mkopo mpya. Mkiamua kulipa, lipeni ule mmoja unaotishia kitu cha kazi, yaani cherehani, pikipiki au jiko la chipsi. Mlipeni mkopeshaji moja kwa moja, kitu kikirudi na risiti ikitolewa papo hapo.

Je, mfuko wenyewe ukopeshe? Ushauri wetu ni hapana. Anayedaiwa na kanisa huacha kuja kanisani. Kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, kiwepo kando, chenye daftari na viongozi wake, na mfuko wa huruma ubaki wa kutoa. Mama anayeuza vitumbua ambaye mtaji wake umekatika apewe mchele, mafuta, sukari na hamira vya siku tatu za kupika, aanze upya. Na kama jumuiya imeshakopesha zamani na sasa inadai, Kumbukumbu la Torati 24:10–11 ina utaratibu unaoshangaza kwa upole wake: mkopeshaji asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani, asimame nje, mwenye nyumba amtolee mwenyewe.

Shule, hospitali na ofisi za serikali

Ada ya shule za serikali imefutwa kwa msingi, tangu 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na tangu 2022 kwa kidato cha tano na sita. Kinachomrudisha mtoto nyumbani ni sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula. Nunueni vitambaa Novemba, kabla ya bei ya Januari, na kama kuna fundi cherehani ndani ya jumuiya, ushonaji uwe ndio mchango wake. Sare ya mtoto wa jirani aliyekua ni nzuri kabisa ikipita kwa fundi kwanza ikaondolewa jina na kushonwa upya mikono.

Kwenye hospitali za umma sera inawasamehe gharama wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wengine wasiojiweza hupata msamaha kupitia ofisi ya ustawi wa jamii. Kosa la kawaida ni kwenda kuomba baada ya bili kufika laki nne. Barua ya mtendaji ichukuliwe mapema, na mgonjwa akifika aulize ofisi ya ustawi wa jamii ilipo kabla ya kwenda dirisha la malipo. Mwanatimu mmoja anayeijua hospitali ya wilaya na milango yake ana thamani kuliko mchango wa wiki mbili.

Kaya yenye shida ya kudumu iulizwe kama imo kwenye mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali) wa kunusuru kaya maskini. Utambuzi hufanyika kupitia mkutano wa kijiji au mtaa, na wanaosahaulika mara nyingi ni wale wasiohudhuria mikutano. Kwa wenye nguvu za kufanya biashara, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Kwa kawaida inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, hivyo kazi ya jumuiya ni kuwasaidia kuandika katiba na muhtasari wa kikao.

Mkikuta mtoto anapigwa, amebakwa au anatumikishwa, hilo si la kusuluhishwa na wazee wa kanisa. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya kata au dawati la jinsia na watoto polisi, au pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto.

Majirani wasio wa jumuiya

Wekeni sehemu maalumu, tuseme moja ya tano, kwa yeyote wa mtaani bila kujali dini. Msimdai aje kusali, na msiambatanishe mwaliko wa semina ya uamsho ndani ya fuko la unga. Majirani Waislamu wanalielewa jambo hilo mara moja, na wako sahihi kukataa. Nyama mkiipeleka iwe imechinjwa kwa namna ambayo mpokeaji anaweza kuila. Mwezi wa Ramadhani pelekeni kabla ya saa kumi jioni, ili mama awe na muda wa kuandaa futari.

Hesabu na siri

Mtume Paulo, alipokuwa akipeleka changizo la Yerusalemu, hakukubali kulibeba peke yake. Aliwatuma ndugu wengine pamoja na Tito, ili mtu yeyote asipate la kumlaumu (2 Wakorintho 8:20–21). Fedha zihesabiwe na wawili, zitolewe kwa idhini ya wawili. Maneno "nimeazima kidogo, nitarudisha Ijumaa" yakisikika mara moja, mtu huyo abadilishwe bila kelele.

Madaftari yawe mawili. La kwanza la hesabu, linalosomwa kila mwezi mbele ya wote namna hii: "Tulipokea 96,000. Tulitumia 61,000 kwa familia tatu: chakula 38,000, nauli 15,000, dawa 8,000. Zimebaki 35,000." La pili la ziara, lenye namba badala ya majina, likae kwa mmoja wa timu na lisiingie kwenye simu. Kundi la WhatsApp la jumuiya lisitajiwe familia hata kwa mafumbo. "Ile familia ya kule bondeni" ni jina tosha. Picha za makabidhiano zisipigwe. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata bila sheria, mtoto wa darasa la sita hapendi darasa zima limwone akipokea unga.

Kufunga msaada

Wiki ya mwisho iliyotajwa ikifika, rudini wale wale wawili. Uliza maswali sita yale yale ya mwanzo na ulinganishe. Kama kipato kimerudi, msaada unafungwa siku hiyo kwa maneno ya wazi. Kama hakijarudi lakini kuna dalili, ongezeni mara moja tu, nusu ya kiwango. Kama hakuna kilichobadilika, basi mlikosea aina ya shida: mnaweza kuwa mmeshughulika na chakula wakati tatizo ni deni, au ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja.

Msiwaombe watoe ushuhuda kanisani. Wakitaka kuchangia tena, hata mia mbili, zipokelewe kwenye kikapu kama za mtu mwingine yeyote, na zamu yao ya kupokea jumuiya irudishwe kwenye ratiba bila maelezo.

Timu inapomaliza mwaka wake, daftari la hesabu hukabidhiwa kwa timu mpya na kukaguliwa na mtu asiye wa timu yoyote. Kutoka daftari la ziara zikabidhiwe kurasa za familia zinazoendelea kusaidiwa tu. Nyingine zichomwe mbele ya watu wawili, na tarehe ya kuchomwa iandikwe kwenye daftari la hesabu.